Uzinduzi wa Furaha Zaidi

Umma unatangaziwa kwamba kampeni ya kuitambulisha mashine mpya ya gemu ya Shirika imefanikiwa kwa kiwango cha kuridhisha, isipokuwa kwa upande wa wanunuzi. Nasema haya nikiwa Mkuu wa Kitengo cha Uelewa wa Umma.

Mashine ya zamani inaitwa Furaha. Mpya tuliiita Furaha Zaidi, kwa kuwa kamati ilikuwa na njaa na ilitaka kikao kiishe. Kwenye bango tuliweka rimoti peke yake, ikiwa mkononi mwa Mkurugenzi. Mkono wake ulitoka vizuri mno pichani, na mashine ingeuziba.

Siku chache baadaye nikaenda dukani kukagua mafanikio. Mama mwenye duka alikuwa amezungukwa na masanduku mpaka dirishani.

"Mwanangu, wanataka rimoti tu. Wanadhani ni ya mashine waliyonayo nyumbani."

Nikamfafanulia kwamba sanduku ndilo mashine yenyewe.

"Sasa si mngeionyesha?"

Nikamjibu kwamba hoja yake imepokelewa. Tukatoa bango la pili, la ufafanuzi: FURAHA ZAIDI SI FURAHA. Baada ya hapo hata rimoti hazikuuliziwa.

Mkurugenzi akaja juu. Alisema wananchi ni vichwa maji, kwa hiyo atawatafunia mwenyewe mbele ya kamera, na wasipoelewa safari hii, mimi nitafute kazi nyingine. Niliogopa, sifichi. Mke wangu alianza kunisomea matangazo ya kazi wakati wa chai.

Siku ikafika. Waziri alikaa mbele, na mezani tuliweka mashine zote mbili ili watu walinganishe. Mkurugenzi akashika rimoti mpya, akaisogeza pembeni Furaha Zaidi ili mikono yake ipate nafasi, akaielekeza rimoti kwenye mashine ile ya zamani. Ikawaka. Akafunga bao kwenye gemu ya mpira. Waziri akapiga makofi.

Nikamnong'oneza, "Bosi, hiyo ni ya zamani."

Akanipuuza, akaigeukia kamera.

"Ndugu wananchi, si mnaona wenyewe? Ile ile ya nyumbani inatosha. Chukueni rimoti, hilo sanduku jingine ni la kubebea tu."

Waziri akauliza kwa upole kiwanda tulichojenga kinatengeneza nini. Bosi akanitazama mimi. Mimi nikawatazama watu ukumbini, wote wanaitikia kwa vichwa, nyuso zimekunjuka.

Tangu Kitengo kianzishwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza umma kutuelewa. Kwa mafanikio hayo nimepandishwa cheo, na kiti cha Mkurugenzi nimekikuta bado kina joto.