Fundi Mageti Katika Ngome ya Maneno

Sogeeni, enyi wenye masikio mazima, nanyi mnaosikia kwa kukisia. Zimeni simu, mpate habari za Fundi Mageti, mchomeleaji wa vyuma, mfuga cheche, ambaye nyundo na mashine ya kukatia zilikuwa zimemmaliza masikio, naye akaapa kwamba ni walimwengu waliopungukiwa sauti.

Mkewe, malkia aliyekaukwa koo kwa kupayuka, ndiye aliyemkokota hadi zahanati. Juzi yake binti yao alikuwa amepiga simu akilia, "Baba, nimefukuzwa kazi!" na shujaa akajibu kwa shangwe, "Hongera, mwanangu! Nilijua watakupenda!"

Basi akaingizwa katika kichumba kisichopitisha sauti, ngome ya kuta za sponji, akavishwa spika za masikioni mithili ya kofia ya vita. Nyuma ya kioo akaketi mpimaji, mwanamke mpole wa sura, asiye na huruma kazini, na mke wa shujaa kando yake.

"Mzee wangu, nitakutajia neno moja moja, ulirudie. Usiposikia, sema tu hujasikia."

"Mwanangu," akanguruma shujaa, "mimi nimesimama mbele ya moto unaoyeyusha chuma. Leo nishindwe na neno?"

Vita vikawaka.

"Sabuni."

"Zabuni!"

"Mkasi."

"Mkate!"

"Samaki."

"Hamaki!"

Ndipo akagundua hila: akaikodolea macho midomo ya adui, na maneno matatu mfululizo yakaanguka miguuni pake. Lakini mpimaji hakuzaliwa jana. Akajiziba mdomo kwa karatasi, kisha akafungulia kelele za watu wengi wanaoongea kwa pamoja, na ndani ya zogo hilo akawa anapenyeza neno. Fundi akalisaka kama msumari uliodondoka mchangani. Akachomoa silaha yake ya mwisho, kubahatisha:

"Trekta! Kamati! Askofu!"

Mpimaji akauma midomo asicheke. Mke hakucheka; aliinamisha uso, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Fundi akamwona. Neno jingine likaja, likapita. Akafungua kinywa, akakifumba, akakifungua tena.

"Sijasikia," akasema.

Mke akaruka kitini. "Umesemaje?"

"Nimesema sijasikia!"

"Dada, umemsikia? Tangu anioe hajawahi kulitamka neno hilo! Andika, tafadhali, kabla hajabadilisha!"

Habari zikavuka mlango, zikashuka kwenye benchi la wagonjwa. Mwenye jino akasahau jino, mwenye mguu akasimama kupiga makofi, na shujaa akatoka katikati yao kifua mbele, ameshika mkono wa mkewe. Na mpaka leo, mtaani kwao ukiuliza jambo fulani lilitokea lini, utajibiwa: kabla ya Sijasikia, au baada yake.