Friji ya Mama na Haki Zangu

Jumatatu, 13 Januari

Friji imegoma tena. Asubuhi inanguruma vizuri, mchana inanyamaza, siagi inageuka mchuzi. Haijamaliza hata miezi miwili tangu itoke dukani. Mama ana kisukari, na insulini yake haiwezi kukaa kwenye joto hili, kwa hiyo amezipeleka chupa kwa jirani, Mzee Osório. Kati ya watu wote! Mzee Osório alinunua friji ileile, rangi ileile, duka lilelile, tukaletewa kwa lori moja. Yake inatoa maji yanayouma meno. Ameniambia hivyo mara nyingi bila kuulizwa.

Kanipa na ushauri. Eti kitabu cha sheria ya wanunuzi kipo kaunta kwa lazima, nikifungue mbele yao. Eti friji ni kitu cha lazima nyumbani, na penye mgonjwa ndiyo kabisa, duka halina ruhusa ya kunizungusha. Nikamwambia mimi ni Valdemir, si mtoto wa shule.

Jumanne, 14

Nimekwenda dukani. Kitabu kweli kipo, kimefungwa kamba kama mbuzi. Dada wa kaunta akasema fundi wao aje kwanza athibitishe kasoro. Nikasema sawa. Kitabu sikukigusa. Kusoma mbele ya watu ni kukiri kwamba hujui.

Jumatano, 15

Fundi Cleiton amekuja. Hata salamu hazijaisha, akaisogeza friji, akachutama nyuma yake na kunakili namba. Nikamuuliza kama anatafuta panya. Akasema kila friji ina namba yake, na bila hiyo namba hakuna waranti. Mambo madogomadogo hayo, ya watu wadogowadogo.

Friji, msaliti mkubwa, ilifanya kazi muda wote aliokuwepo. Baridi mpaka aibu. Mama alimpa kahawa na mikate ya jibini, akala bila haraka. Akasema hajaona kasoro, lakini atarudi Ijumaa mchana, saa zile tunazosema inazimika, na atakaa mpaka aione. Akishaiona anaandika, na duka linaleta mpya. Alipofunga geti tu, ikanyamaza.

Jioni mama hayupo. Alikwenda kujidunga sindano kwa Mzee Osório, akabaki huko kuangalia tamthilia. Nimekula maharagwe ya jana peke yangu. Yameanza kuchacha.

Alhamisi, 16

Je, kesho ikifanya kazi tena mbele ya fundi? Kitu kilichokufa nusu kina ubishi. Kilichokufa kabisa nani atakibishia? Nimepata wazo. Soketi zetu zote ni za volti mia na kumi, ila waya wa shawa ya umeme bafuni ni wa mia mbili na ishirini, kama nyumba nyingi hapa Divinópolis. Friji ni ya mia na kumi. Watoto wa mtaa huu hufundishwa kutofautisha nyaya hizo kabla ya kufundishwa kusali.

Nimesubiri mama aende kwa jirani. Nikaikokota friji hadi mlango wa bafuni, nikaiunga na waya wa shawa. Ikanguruma kama pikipiki, ikapiga kishindo, ukatoka moshi mweusi. Nimeirudisha mahali pake na kuipangusa. Imekufa kiungwana. Kesho ni siku yangu.

Ijumaa, 17

Fundi alianza kunusa akiwa bado mlangoni. Akafungua nyuma, akauliza kwa upole nimeichomeka wapi. Nikasema jikoni. Akauliza tena. Nikasema labda radi. Wiki nzima hapajaonekana wingu. Akaandika: imeunguzwa kwa umeme mkubwa, waranti imekufa. Kisha akanionyesha kidhibiti joto. Kilikuwa kimelegea tangu kiwandani. Akasema angekiona leo kikizima friji, basi wiki ijayo ningekuwa na mpya. Alisema kwa huzuni, tena ya kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, kasikia yote. Hakunigombeza. Ni heri angenigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, ulifikiri dawa yangu italala wapi?" Akaingia chumbani kukunja nguo.

Jumamosi, 18

Mama amehamia kwa Mzee Osório. Anasema ni kwa ajili ya dawa tu, chumba cha binti wa mzee kipo wazi tangu aolewe. Lakini amebeba mto wake, na picha ya Bikira Maria iliyokuwa juu ya redio. Vitu hivyo si dawa.

Mzee mwenyewe alikuja kubeba sanduku. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Akanishika bega, akasema, "Kijana, usijitese. Njoo ule kwetu." Akanipa ufunguo wa mlango wake, niingie kumwona mama wakati wowote.

Nyumba imekuwa kubwa. Nimeosha kikombe kimoja. Nilijisikia kulia, nikalia.

Jumapili, 19

Wote wawili wamekwenda misa. Nimeingia kwa ufunguo wangu, nikanywa maji jikoni kwa Mzee Osório. Ni kweli, yanauma meno. Friji ni ileile kabisa, ukiziweka pamoja hata mama hawezi kujua ipi ni ipi.

Nimewaza kwa utulivu. Mama anakaa palipo na friji nzima. Friji nzima ikiwa kwetu, mama atakuwa kwetu. Mzee abaki na ile yangu. Yeye waranti anayo, sheria yote anayo kichwani, wala haoni haya kufungua kitabu mbele ya watu. Watamletea mpya haraka. Hakuna atakayeumia isipokuwa duka, nalo ndilo lililoanza. Nitamwachia na chupa moja ya divai, maana alinitendea vizuri.

Insulini nimeitoa, nimeiweka mezani kwenye bakuli la maji baridi. Toroli nimeazima kwa mwokaji. Padri wetu huhubiri kirefu, nafasi ipo. Nimehakikisha kila kitu: rangi, mlango, mpini, hata sumaku za mapambo za mama nimezipanga mlangoni vilevile. Kuna namba tu, lakini hiyo iko nyuma.

Nani anatazama nyuma ya friji?