Rola ya Tani Nne

Jumatatu, 3 Machi
Uji umepoa, moyo pia. Karakana iko kimya, huu mwezi wa pili sasa. Beldina, mke wangu, ametangaza mezani: kazi isipokuja wiki hii, mashine ya kukereza vyuma inauzwa kwa jirani yetu Jaswinder, mwenye karakana kubwa. Mashine ya marehemu baba! Mimi niliirithi pamoja na masikio yake. Akili alizikwa nazo.

Mchana, simu! Wakoli, injinia wa kiwanda cha sukari upande wa Awasi. Ana rola ya kusagia miwa, inataka kukerezwa. Tani nne. Anataka bei kesho.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa Jaswinder kunywa chai. Na kupeleleza. Mezani, bei yake ya rola ileile: kuinua, laki moja na nusu. Kufunga na kusawazisha, elfu tisini. Kukereza, elfu themanini. Nimeisoma kichwa chini, bila miwani.

Eti kuinua! Siku hizi tunauza hata pumzi? Kazi ni kukereza, basi. Nimempa Wakoli elfu sabini na tano. Akauliza kama nimeiona hiyo rola. Nikamjibu fundi wa kweli haoni, anahisi.

Alhamisi, 6 Machi
Rola imefika. Mlango umeikataa. Ajwang, dereva wa lori, akaniuliza kama nitaipitisha kwa maombi. Mama Becky wa chapati akashauri niipake mafuta ya kupikia. Watu wakacheka hadi barabarani.

Kreni ya karibu ni ya nani? Ya Jaswinder. Bei? Laki moja na nusu. Hakupunguza hata ya soda. Tumebomoa ukuta wa mbele mkono wa kreni upite.

Jumatano, 12 Machi
Siku tatu za kuifunga rola ikae katikati. Nimeshindwa, nimemwita fundi wa Jaswinder. Elfu tisini. Kukereza kwenyewe? Saa kumi na sita, kama nilivyokadiria! Hakuna aliyenipongeza.

Ijumaa, 14 Machi
Wakoli amelipa. Zote nimempa Jaswinder, zimelipa nusu tu ya kreni. Kwa deni lililobaki amechukua mashine. Imetoka leo asubuhi kwa kreni ileile, kupitia tundu lilelile. Kuinua hakunitoza. Amenishika bega, akasema pole, Bwana Gordon, hata Mzee wako alikuwa akitoza kuinua.

Beldina alifagia tu pale iliposimama miaka arobaini. Afadhali angenigombeza.

Saa kumi, Wakoli tena! Rola mbili safari hii, zote kubwa kuliko ile. Nimempa bei papo hapo: elfu sabini kila moja. Mashine nitakodi kwa Jaswinder, nairudisha hapa. Na gharama ya kuinua haipo kabisa. Ukuta si umeshabomolewa?