Panya Wangu na Konokono wa Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Mkurugenzi wa makumbusho ametangaza kabati jipya la vioo, pale mlangoni, la kulinganisha wanyama wawili. Panya mdogo wa shambani, kutoka chumba changu cha maonyesho. Konokono wa bahari, kutoka chumba cha shemeji, kaka wa mke wangu. Atakayeandika maelezo yatakayovutia zaidi atakuwa msimamizi wa ukumbi. Miaka tisa naingoja nafasi hiyo! Shemeji ana miaka miwili tu, na kazi nilimtafutia mimi.

Jumanne, 4 Juni
Nimeandika: panya ana uti wa mgongo, ana damu joto, ananyonyesha. Konokono hana uti wa mgongo, hana manyoya, hana haraka. Karatasi nimeibandika kwa uji mzito wa unga wa ngano, bila ubahili. Shemeji yake kaibana kwa pini nne. Nikamcheka moyoni.

Jumatano, 5 Juni
Wamekuja wanafunzi. Shemeji kawatolea kombe la konokono, wakaliweka sikioni kwa zamu. Panya wangu aliyekaushwa wakauliza kama ni soksi. Mke wangu anasema nimpongeze kaka yake. Nimemnunia.

Alhamisi, 6 Juni
Nimeng'amua. Panya wangu havutii kwa sababu amekufa. Nimenasa panya hai stoo na kumtia kabatini kabla hatujafunga. Shemeji ana kombe tupu. Kesho tuone nani ataitwa soksi.

Ijumaa, 7 Juni
Panya amekula maelezo yangu. Unga wa ngano! Kabakiza nusu ya jina langu. Karatasi ya shemeji hakuigusa. Mkurugenzi alipofungua kabati, panya akampitia mkononi, akatokomea chumba cha ndege. Mkurugenzi akaniuliza kwa upole kama mimi ni mzima.
Shemeji ndiye msimamizi. Kaja kunipa mkono, akasema bila mimi asingefika hapo. Ni kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Amri yake ya kwanza: nimnase yule panya.

Jumatatu, 10 Juni
Siku tatu, mitego mitupu. Shemeji anawaambia watu kwamba panya kanizidi akili. Konokono yeyote ni rahisi kumsimamia, hata mimi ningeweza.
Nimekaa nikamfikiria huyu mnyama. Ni dume, tena mpweke. Basi nimemtafutia jike, nikamfungulia ukumbini aende akamlete. Nasubiri hapa mlangoni na kikapu cha kuwatosha wote wawili.