Kipimo Kinacholia Nikisogea

Ijumaa, 13 Juni 2025
Mzigo umefika dukani kwangu Levolosi! Vipima mionzi thelathini. Ametuma Injinia wangu wa ng'ambo, yule yule wa mikufu ya afya ya mwaka jana, ile yenye jiwe jeusi la kushusha presha. Anasema kampuni yao hujenga vinu vya nyuklia, haya mengine ni ya pembeni tu. Mtu wa vinu auze takataka? Redioni nyuklia kila siku, watu wana hofu, na mimi ndiye wakala pekee Kaskazini! Hemant wa duka la jirani akauliza kama nimevijaribu. Wivu. Nikawasha kimoja. Tik, tik, tik. Nikakiweka mezani, nikarudi nyuma. Kikanyamaza. Nikasogea. Tik.

Jumapili, 15 Juni
Nimepanda Meru kwa Mama. Mpango: nitoe kipimo sadaka, kinadiwe baada ya ibada pamoja na ndizi na mayai, usharika wote ukione. Tangazo la bure, na baraka juu! Mnadishaji ni Brayson, mbaya wangu tangu darasa la tatu. Akakipitisha mbele ya watu. Kimya. Kwa Rachel wa kwaya, kikalia. Kwa Mama, kikalia. Kwangu kikachachamaa kama mafuta ya moto. Watu tisa kwa jumla. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni, na hakuna aliyecheka. Mtu akanong'ona kwamba kinachagua. Yai moja liliuzwa mara nne. Kipimo hakikupata mtu, mpaka Mama akakinunua mwenyewe kunifichia aibu.

Jumatatu, 16 Juni
Nimewaandika wale tisa. Wote wanavaa mkufu wangu! Halafu nikaelewa: wateja wangu wana damu ya pekee.

Jumatano, 18 Juni
Harleen, mwalimu wa fizikia kule Njiro, amekuja kununua chaja. Nikamwonyesha maajabu. Akaniambia nivue mkufu. Bila mkufu, kipimo kimya. Akausogeza peke yake juu ya meza: tik, tik, tik. Akasema jiwe ndilo lenye mionzi, kipimo ni kizima, na kila aliyeuvaa auvue leo hii. Nipeleke mikufu yote kwa wataalamu.

Kitu cha kwanza cha kweli nilichowahi kuuza, na kinanisema mimi!

Mwaka mzima Mama analala nao kifuani. Niliogopa, nakiri. Nikampigia palepale. Alipopokea nikamwona akilini Brayson akiwasimulia watu kwenye ua wa kanisa. Nikamwamkia Mama, nikamuuliza habari za kahawa tu. Nikavaa mkufu wangu tena.

Ijumaa, 20 Juni
Injinia amejibu! Harleen hajui kitu. Kinacholia ni ugonjwa unaotoka, mkufu unauvuta nje. Mkufu mmoja unachelewa, dawa ni miwili. Nimeagiza katoni.

Mama amepiga. Kipimo kinamlilia kutwa nzima, akihama kiti kinamlilia huko huko. Anaogopa kukaa nacho. Akauliza kama avue mkufu. Nimepanda huko mchana huu huu na mkufu wa pili, wangu mwenyewe, nikamfunga shingoni kwa mikono yangu. Akanishukuru, akaniombea. Kipimo kikalia kwa nguvu hadi maombi hayasikiki.

Nikatoa betri. Sasa Mama ametulia.