Vidonge vya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Tumeandikishwa kwenye utafiti! Mimi na shemeji, kaka wa marehemu mke wangu, ninayeishi naye. Wazee watupu. Muuguzi katupa kila mtu chupa ya vidonge vya wiki nne na vichache vya akiba. Vinazuia mishipa ya damu isichakae na mwili usidhoofike, kama rangi inavyozuia chuma kisishike kutu. Ila nusu yetu tumepewa vidonge vya unga mtupu. Nani kapewa nini? Hata muuguzi hajui. Nimemuuliza mara tatu.

Binti yangu kasema vipimo vya mwisho vikiwa vibaya, kitanda changu kinashushwa chini, karibu na jiko. Chumba changu cha juu! Miaka thelathini na moja! Nikamwambia nitakufa kwanza. Akasema basi nifie chini, wabebaji wasipate tabu.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji anapanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi ngazi ya sita napumzika. Nimemchunguza wiki nzima. Anakula ninachokula. Tofauti ni kwamba kila alfajiri anafua, kisha anapanda darini mara nne kuanika nguo za nyumba nzima, kazi ambayo kwa umri wake ingepaswa kummaliza. Kwa hiyo ni vidonge. Hakuna maelezo mengine.

Jumanne, 11 Machi
Akiwa darini nimepasua kidonge kimoja kutoka kila chupa, nikaonja. Changu kichungu kama shubiri. Chake hakina ladha yoyote. Nikafikiri sana. Unga wa kudanganyia watu lazima utiwe uchungu, ili tudhani ni dawa. Nimebadilisha vidonge vyote, vyake chupani mwangu, vyangu chupani mwake. Chupa ziko palepale.

Ijumaa, 21 Machi
Damu inakimbia! Nasikia kila mshipa. Nimepanda ngazi mbilimbili, nikashuka, nikapanda tena, siku nzima, kuhakikisha. Shemeji namwonea huruma. Hajui kapoteza nini.

Jumatatu, 31 Machi
Vipimo. Kuminya kifaa cha kupima nguvu za mkono, kuinuka kitini mara tano, kutembea mita sita muuguzi akishika saa. Nimevipita vipimo vyangu vyote vya siku ya kuandikishwa! Kwa furaha nikamnong'oneza muuguzi jinsi nilivyotumia akili. Akaacha kuandika. Akaita daktari. Daktari akafungua bahasha: dawa nilipewa mimi, unga alipewa shemeji. Matokeo yetu sote yamefutwa. Nikamsihi ayaandike hata kwa penseli. Akakataa.

Jumatano, 2 Aprili
Binti alitaka karatasi ya vipimo. Sina. Kitanda kimeshuka. Shemeji kabeba upande mzito huku anapiga mluzi. Nimelia kidogo, nikasingizia vitunguu.

Muuguzi alipita kuchukua chupa. Nikamwomba aniachie ule unga uliobaki, maana ndio ulionipa nguvu. Akanitazama, akaondoka nao.

Nimeendelea kuchunguza. Shemeji anavaa kandambili za mpira, mimi za ngozi. Miguu yetu ni saizi moja. Kesho akiingia kuoga, nabadilisha.