Niliyempa Maiti Mgongo

Jumatatu, 8 Agosti 1932. Chake Chake.
Mimi Jaribu, fundi cherehani wa barazani kwenye duka la Fazal, leo nimekula yamini: sitazami tena picha za sinema! Bwana Tayabali kaja na mashine yake kutoka Unguja. Kaniagiza nimshonee shuka kubwa la kuonyeshea picha uwanjani Tibirinzi. Nikalishona, tukalijaribu ndani ya duka, mlango umefungwa. Kwenye picha, maiti akafungua jeneza kwa ndani! Akatoa mkono! Kucha kama koleo! Nikaaga, nikasema cherehani yangu iko nje, naiogopea mvua. Hapakuwa na wingu. Jioni nimepikiwa muhogo. Kila kipande, kidole. Sikula.

Jumanne, 9 Agosti.
Othman muuza marashi anajitapa barazani. Ati picha za namna hii kaziona Unguja, wala hakupepesa jicho. Kayasema haya makusudi mbele ya Bi Time, mama yake Mwanawema. Mimi na Othman sote tumemposa Mwanawema, na jibu bado. Nikasema picha hiyo mimi nimekwisha kuiona, nimecheka mpaka nikapaliwa. Bi Time akasema vyema, Alhamisi atakuja atutazame sote wawili. Yarabi!

Jumatano, 10 Agosti.
Hila nimeipata! Picha haina sauti, na maandishi yake ya Kizungu. Tayabali anatafuta mtu wa kusimama mbele awaeleze watu kinachotokea. Sasa, msimulizi huwapa watu uso, picha huipa mgongo. Mtu pekee Tibirinzi asiyelazimika kuiona! Nimeomba kazi. Tayabali akauliza kama Kiingereza nakijua. Nikaguna kama bwana mkubwa. Kanipa!

Ijumaa, 12 Agosti.
Jana sikuandika, nililala kichwa chini ya mto. Kwa furaha.
Baada ya Isha uwanja ulijaa, Bi Time na Mwanawema wakiwamo. Nikasimama mbele ya shuka, kanzu imepigwa pasi. Kwa kuwa sikuona kitu, na maiti sikutaka hata kumtaja, nikasimulia harusi. Nikasema, bwana harusi huyo anaingia. Watu wakapiga mayowe. Nikasema, naam, hivyo ni vigelegele. Bi Time akapaza sauti: “Jaribu mwanangu, huyo bwana harusi mbona hana pua?” Nikasema alianguka na baiskeli. Watu hoi kwa kicheko, na machozi ya hofu bado mashavuni!
Na Othman? Yuko nyuma ya Bi Time, kajifunika buibui la bibi wa watu! Nikarudi nyuma kidogo nipate kumwona vizuri. Mgongo ukagusa shuka. Nikageuka. Maiti huyo, uso kwa uso!
Nikakimbia. Bahati mbaya, nilikimbilia ndani ya shuka. Likakatika kamba, likanifunika gubigubi, nami nikatoka mbio kuelekea kwa watu, mweupe tangu utosi hadi visigino, nikilia wanitoe. Wakadhani maiti katoka kwenye picha. Tibirinzi pakabaki viatu vitupu. Othman alionekana mara ya mwisho akimpita mbuzi.

Jumamosi, 13 Agosti.
Tayabali kaja asubuhi, kanuna, shuka lake limechanika. Hajamaliza kunitukana, wakafika watu kutoka Mgogoni kwa miguu. Wanauliza yule maiti anayetoka nje ya picha ataonyeshwa lini tena. Tayabali akanitazama. Akaanza kuniita Bwana Jaribu!
Alasiri akaja Mzee Mjaka, baba yake Mwanawema. Posa ya Othman imerudishwa. “Mwanamume kujificha kwenye buibui la mkwewe,” kasema, “atamlinda vipi mkewe?” Nami nimekubaliwa! Mwanawema mwenyewe kasema hajacheka hivyo tangu azaliwe, na huyo msimulizi wa baiskeli ndiye anayemtaka. Mzee akauliza kwa upole kama aliyekuwa ndani ya shuka ni mimi. Nikasema nilikuwamo, nikipigana na maiti. Akakohoa sana.

Jumapili, 14 Agosti.
Kweli mimi ni shujaa. Tayabali anakwenda Wambaa na picha mpya, ya mnyama mla watu, na msimulizi ni mimi! Kanisihi niitazame kwanza, nijue kinachotokea. Nimekataa. Hodari kama mimi aitazame ya nini? Kosa la Alhamisi nimekwisha kuligundua: ni yale mayowe, yalinibabaisha. Safari hii natia pamba masikioni. Nimemwalika Mwanawema na ukoo wake wote. Wakae mbele kabisa.